Gari Lenye Kitanda Nyuma

Nilimwambia yule mhandisi wa kigeni kwamba gari halitatoka Dar es Salaam. Nilisema litasimama kwenye kiwanja cha ndugu yangu Ilala, liwe chumba cha wageni. Akauliza mara ya pili, "Kweli, ndugu? Haliendi safari?" Nikasema kweli. Akatoa kalamu, akatia sahihi. Ningekataa kununua asubuhi ile mambo yote yangekuwa mengine. Ningesema ukweli tu ingetosha pia, maana asingeniuzia. Lakini nilidanganya nikiwa na akili zangu timamu, na nilidanganya kwa sababu niliamini kwamba yeye ndiye anayenidanganya.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, wakati wa foleni za sukari na sabuni. Nilikuwa karani wa stoo katika duka moja la umma pale Kariakoo. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, na kazi yangu ilikuwa kupokea mizigo na kuikagua. Kila gunia lililoshuka nililitilia shaka. Nilichoma sindano ya magunia nikatazama kilichotoka, nikapima tena kilichokwisha kupimwa, nikawauliza madereva maswali yaleyale mara mbili ili nione kama majibu yatafanana. Wakubwa zangu walinisifu kwa hilo. Baada ya miaka saba ya kazi hiyo sikuweza tena kupokea hata salamu bila kujiuliza mtu anataka nini.

Mama yangu alikuwa anaishi nami katika vyumba viwili nilivyopanga. Kwetu ni kusini, kijiji kimoja nje ya Lindi. Alianguka kisimani akavunjika nyonga, akaletwa Dar kwa meli akiwa amelala kwenye machela. Bahari ilikuwa mbaya safari ile. Alitapika njia nzima, na tulipomshusha aliapa kwamba meli hataipanda tena hata kama ataitwa na malaika. Mfupa uliunga taratibu. Baada ya miezi minane aliweza kutoka kitandani hadi uani kwa mkongojo, akakaa kwenye kigoda akawachagulia wapangaji wenzetu mchele, huku akiwasema.

Ndipo ikaja barua kutoka kwetu. Dada yake mkubwa, ndugu pekee aliyebaki katika tumbo lao, alikuwa hajiwezi. Aliandikisha maneno machache tu: njoo nikuone. Mama alinitaka nimsomee barua ile asubuhi na jioni kwa siku nne. Siku ya tano akasema, "Mwanangu, nipeleke."

Daktari alikubali asafiri kwa sharti moja, kwamba alazwe, asikalishwe. Basi la kusini halikuwa na pa kumlaza mtu. Ndege hatukuwa na uwezo nayo. Masika yalikuwa yanakaribia, na masika yakishaanza barabara ya kusini ilikuwa inakatika kwa wiki nyingi. Nilikuwa nimejifunza kuendesha gari jeshini, nilipokwenda kwa mujibu wa sheria, na nilikuwa na akiba yangu. Mfanyakazi mwenzangu akaniambia kuna mgeni karibu na Posta amemaliza mkataba, anauza gari lenye nyumba ndani.

Nilikwenda kuliona mchana wa Jumamosi. Mbele lilikuwa lori dogo. Nyuma lilibeba nyumba ya mbao na bati, yenye madirisha mawili yenye mapazia, jiko la gesi, kabati, na mwisho kabisa kitanda kipana chenye godoro. Nilipokiona kile kitanda nilimwona mama amelala juu yake. Sikuona kingine.

Yule mgeni alikuwa mtu mrefu, ndevu nyekundu, na Kiswahili chake alijifunzia Iringa. Hakunionyesha kitanda wala jiko. Alitandika mkeka chini ya gari, akanipa tochi.

"Lala hapa, ndugu. Gari hili ni mgonjwa. Lazima uone ugonjwa kwanza."

Nikalala kando yake. Akanionyesha vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima, yaani chasisi. Alisema lori lenyewe lilikuwa fupi. Waliojenga nyumba waliunga vipande vya chuma nyuma ya magurudumu ili nyumba ipate pa kukaa. Palipoungwa, upande wa kulia, palikuwa na ufa. Alikuwa ameupima ufa ule kwa rangi nyeupe. Kila alipoukagua alipaka kistari pale ulipoishia.

"Huu Iringa," alisema, akagusa kistari cha kwanza. "Huu Morogoro. Huu hapa mwezi uliopita."

Ufa ulikuwa umekipita kistari cha mwezi uliopita kwa upana wa kidole.

"Na mbao za chini zinaoza," akasema. "Paa linavuja. Mtu akitaka kukaa nalo mahali pamoja, sawa. Akitaka safari, mimi siuzi."

Naomba msomaji anielewe hapa, ingawa simwombi anisamehe. Pale Kariakoo niliishi na kufanya kazi miaka mingi, na sikuwahi kumsikia muuzaji akitaja ubovu wa mali yake. Nyanya nzuri hukaa juu ya fungu. Mwenye kuuza kitambaa hukikunja upande wenye doa ukawa ndani. Na mnunuzi naye, akikipenda kitu, hakisifu ng'o. Anakishika kwa vidole viwili, anakunja uso, anasema kitachuja, kitachanika, cha mwaka juzi hiki. Ndivyo bei inavyoshushwa. Ukimsikia mtu anaponda kitu kwa bidii, ujue anakitaka. Hiyo ndiyo lugha ya biashara niliyoijua. Sasa huyu alikuwa anaponda mali yake mwenyewe. Nilitoka chini ya gari nikiwa na hakika ya jambo moja: ananionyesha ufa ili nisitazame kwingine.

Kwingine ni wapi? Nikaamua ni injini. Nilirudi siku mbili mfululizo kuikagua. Niliiwasha ikiwa baridi, nikaiwasha ikiwa na moto. Nilitazama oili, nikanusa moshi, nikaliendesha gari hadi Magogoni na kurudi huku mwenye gari amekaa kando yangu kimya. Injini ilikuwa safi. Ilinguruma kwa utulivu kama cherehani mpya. Nilitafuta ubovu wake nisiupate, na badala ya kufurahi nikahamisha shaka zangu. Nikajiambia: basi hana ubovu wa kuficha, anachotaka ni kunikatisha tamaa. Bila shaka kuna mgeni mwenzake atakayemlipa kwa fedha za kwao, na mimi nimekuja mapema tu.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa anafanya kazi bandarini. Alikuwa mtu wa mizaha na mimi ndiye niliyekuwa shabaha yake siku zote. Alipopata habari ya gari alikuja nyumbani akicheka.

"Shemeji, nasikia unanunua nyumba inayokimbia. Ukigombana na mwenye nyumba unawasha tu?"

"Cheka. Wewe utampeleka mama kwa chombo gani?"

Akaacha kucheka. Akasema amezungumza na watu wa meli. Safari ya wiki ile, Jumamosi, kuna chumba chenye kitanda, na nesi atasafiri humo humo kwenda Mtwara. Bahari imetulia. Kinachotakiwa ni jibu tu.

"Mama hapandi meli," nikasema.

"Umemuuliza?"

"Namjua mama yangu."

Sikumuuliza. Nilijiambia shemeji anataka isemwe kule kwetu kwamba mkwe ndiye aliyemrudisha mama, na mtoto wa kiume alishindwa. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo hadi leo ninapoliandika, na sasa nikilisoma naliona lilivyo dogo.

Alipoona simsikii, akaomba jambo moja: fundi anayemjua alitazame gari kabla sijalipa. Nikakubali. Mhandisi naye hakuwa na neno, akalileta gari hadi Ilala akatuachia. Fundi alikuwa mzee mwembamba, mtu wa pwani hii hii, mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tumtazame bibi harusi."

Hakufungua hata boneti. Aliingia chini na nyundo ndogo, akagonga vyuma kimoja kimoja, akisikiliza. Alipofika kwenye ufa aligonga mara moja tu, akatulia. Kisha akapanda ndani, akainua godoro, akachukua bisibisi na kuidunga sakafu ya chini ya kitanda. Bisibisi ilizama yote, kama imedungwa kwenye muhogo uliochemshwa.

"Nani atalala hapa?" akauliza.

"Mama yangu."

"Mama yako mwenye nyonga?"

"Ndiyo."

Akaichomoa bisibisi, akaifuta kwenye kanzu yake. "Mwanangu, nyuma ndiko kwenye ufa, nyuma ndiko kwenye mbao zilizooza, na nyuma ndiko unakotaka kumlaza mgonjwa. Mwenyewe huyu mzungu amekwambia?"

"Ameniambia."

"Na bado unataka?"

Shemeji akadakia, "Anataka kweli, mzee. Ameshayapenda mapazia."

Nikauliza kama linatengenezeka. Fundi akasema linatengenezeka, ila nyumba ishushwe, chuma kile chote cha nyuma kikatwe na kuwekwa kipya, na chuma cha unene ule mjini hakipo. Atakitafuta, labda wiki sita. Wiki sita zilikuwa ndani ya masika. Kisha akasema neno lililonimaliza. Alifungua boneti hatimaye, akaisikiliza injini inavyonguruma, akatabasamu.

"Lakini hii ni mali. Ukiliacha gari, mwambie bwana huyu asinisahau. Injini hii naitaka mimi."

Kumbe! Nilihisi kama nimekamata mwizi stoo. Mtu ameponda gari saa nzima, na mwisho amesema anaitaka injini. Na aliyemleta ni shemeji, mwenye meli yake. Niliyaunganisha mambo yote mle kichwani yakakaa sawasawa: fundi apate injini, shemeji apate sifa, mhandisi apate mteja mwingine. Watu watatu, kila mmoja na sababu yake, wote wananiambia jambo moja. Haikunijia hata mara moja kwamba huenda wanasema jambo moja kwa sababu ni kweli.

Njiani shemeji alinishika mkono. "Shemeji, mzee yule hana shida na wewe. Alinikataza hata mimi kununua pikipiki mbovu, na pikipiki ilikuwa ya mdogo wake."

"Sawa," nikasema. Kesho yake asubuhi nilikwenda Posta nikasema ule uongo wa kiwanja cha Ilala.

Sikupeleka gari kwa fundi yule. Nililipeleka kwa kijana mmoja wa mtaa wa Gerezani aliyekuwa na mashine ya kuchomelea kando ya barabara. Sikumwambia lolote juu ya safari, na yeye hakuuliza. Alichomelea juu ya ufa kwa nusu saa, akasugua, akapaka rangi nyeusi. Rangi ilifunika ufa pamoja na vile vistari vyeupe vyote. Nikachungulia chini nikaona chuma kinang'aa kizima, nikaridhika. Nilikuwa mkaguzi kwa kazi yangu, na hicho ndicho nilichokikagua.

Tulimpandisha mama Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya meli. Majirani walitoka kutazama. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alizunguka gari mara mbili, akauliza nimelipata wapi, nikamwonyesha karatasi. Mama tulimlaza kitandani, dada yangu akakaa chini kando yake na kikapu cha chakula.

"Kunanukia nini humu?" mama akauliza.

"Godoro, mama. Lilikaa limefungiwa."

"Hapana. Kunanukia uyoga." Akavuta pumzi tena. "Kama chini ya gogo."

Dada akanitazama. Nikasema tutafungua madirisha.

"Mbona shemeji yako alisema meli ina kitanda?" mama akasema.

Nilishtuka. "Alikwambia lini?"

"Juzi, ukiwa kazini. Nikamwambia kama bahari imelala nitapanda. Nikadhani amekwambia."

Nilisimama mlangoni nikiwa na mkono kwenye kitasa. Hapo ndipo ningeweza kumshusha. Mizigo ilikuwa midogo, nyumba ilikuwa hatua kumi. Lakini majirani walikuwa wanatazama, mjumbe alikuwa na karatasi yangu mkononi, na mimi nilikuwa nimekwisha kuingiwa na hasira kwamba shemeji alipita nyuma yangu kwenda kwa mama. Nikafunga mlango, nikaenda mbele, nikawasha injini. Iliwaka mara moja.

Tulipita kando ya soko polepole, nikikwepa mikokoteni. Nilimsikia dada akiimba kidogo nyuma. Tulielekea njia ya kutokea mjini kuelekea kusini, na kabla ya kuuacha mji kuna mahali barabara inakatiza reli. Pale lami ilikuwa imekwisha, reli zimeinuka juu ya kokoto. Nilipunguza mwendo hadi karibu kusimama. Magurudumu ya mbele yalipanda, yakashuka. Ya nyuma yakapanda. Yaliposhuka nilisikia mlio mmoja mkavu, kama gogo linalopasuliwa kwa shoka, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu.

Nilitazama kwenye kioo cha pembeni. Nyumba ilikuwa imekaa chini kwa nyuma, bati limegusa barabara, ukuta wa mwisho umefunguka kama mdomo.

Watu walikuwa wengi pale, wapakiaji na wauza machungwa. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, nyumba imechoka, imekaa chini!" Wakacheka. Mwingine akasema, "Mwenye nyumba kadai kodi!" Wakacheka tena. Kisha wakamsikia mama, na kicheko kikakatika.

Kitanda kilikuwa kimeporomoka na sakafu yake. Mama aliteleza pamoja na godoro hadi miguu yake ikatokeza nje, kwenye kokoto, na nyonga ile ile ikabeba uzito. Dada alikuwa amemkumbatia kifuani akimzuia asiteleze zaidi. Hakunitukana. Alisema tu, "Usimshike. Waache wengine wamshike." Wapakiaji wanne walimwinua kwa godoro lake wakamweka kwenye gari la mizigo lililokuwa linapita, na dereva akaelekea hospitali bila kuuliza nauli. Injini yangu ilikuwa bado inanguruma barabarani, haina kasoro. Mtu mmoja ndiye aliyeniambia niizime.

Nyonga ilikuwa imevunjika upya, na pabaya zaidi. Daktari alisema mara hii haitaunga kiasi cha kumwezesha kutembea. Jumamosi meli iliondoka. Shemeji alikuwa wodini siku hiyo, ameleta uji. Nilingoja aniseme. Alikaa upande wa pili wa kitanda akamfanyia mama mizaha kuhusu manesi, na mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu ya maumivu. Yule fundi mzee naye alikuja, na machungwa kwenye karatasi. Baadaye aliichukua ile injini kwa bei ya haki, na alinilipa mkononi bila kutaja lolote lililopita. Mhandisi alikuwa amekwisha kurudi kwao. Sijui kama alipata kusikia.

Masika yalianza wiki iliyofuata. Mwisho wa masika ikaja barua nyingine, na hiyo nilimsomea mama mara moja tu, maana hakutaka nirudie. Dada yake alikuwa amekufa. Aliyeandika alisema marehemu alikuwa akiuliza kila gari lililosikika barabarani kama ndilo.

Tulijaribu mara nyingine kupanga meli, lakini mama hakuweza tena kugeuzwa bila kulia, na hakuna daktari aliyekubali atolewe. Aliishi miaka mitatu zaidi katika chumba cha nyuma, akitazama ukuta wa jirani kupitia dirisha la nyavu. Hakunilaumu kwa mdomo. Kuna siku niliamua kumweleza yote, uongo wa Posta, vile vistari, bisibisi, rangi nyeusi. Alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Ungeniuliza tu, mwanangu," kisha akaomba maji.

Mama yangu hakumwona dada yake. Hakusimama tena kwa miguu yake. Alifia Dar es Salaam na tulimzika Dar es Salaam, mbali na mumewe na watu wake wote, kwa sababu watu watatu waliniambia ukweli na mimi nikachagua kuwashuku.